Kistari Katika Daftari la Mto

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa ofisi ya maji ametuita leo sisi wasoma kipimo wa vituo vyote vitatu, akatukaribisha viti. Miaka yote hii sijawahi kukaribishwa kiti katika ofisi ile, kwa hiyo nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba kuna jambo.

Kuanzia mvua hizi, king'ora cha mkono kinawekwa stoo. Mto ukijaa, kompyuta ndiyo itakayowatumia watu wa bondeni ujumbe kwenye simu zao. Na programu ya kuiambia kompyuta la kufanya tutaiandika sisi wenyewe, kila kituo na yake, kwa kuwa, anasema, "ninyi ndio mnaoujua mto." Kwa kituo chetu nimeteuliwa mimi. Mwenzangu Kalamu, ambaye tumekaa naye kando ya mto ule miaka kumi na tisa, atabaki kusoma kipimo peke yake. Anaitwa Kalamu kwa sababu kalamu haijawahi kutoka nyuma ya sikio lake. Alivyofurahi kukwepa darasa, alinishika mkono akanipa pole kama niliyefiwa.

Nina miaka hamsini na mmoja. Kompyuta nimeigusa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naifuta vumbi. Nimenunua daftari hili niwe naogopea humu, nisiogopee mbele za watu.

Jumanne, 4 Machi

Darasa liko katika chumba kilichokuwa stoo ya mabomba, bado kinanuka grisi. Kompyuta sita, mbili haziwaki. Mwalimu ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu, anatuita mama na baba, na vidole vyake vinakimbia huku macho yakituangalia sisi.

Leo ametufundisha kigeu. Maneno ya programu ni ya kigeni, nitakuwa nayaandika humu kwa lugha yangu. Kigeu ni mkebe wenye jina. Mimi mkebe wangu nimeuita kina. Nikaweka 2 ndani, kisha nikaweka 3.

"Sasa ndani kuna ngapi, mama?"

"Tano," nikasema kwa sauti, maana hilo angalau nilikuwa na uhakika nalo.

"Ni tatu. Ukitia kipya, cha zamani kinatupwa."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Katika daftari letu la mto hatufuti kitu. Hata ukikosea unakata kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke. Huyu mnyama anatupa na haulizi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Herufi nyekundu zimetokea kwenye kioo: kosa, mstari wa 4. Nilirudisha mikono kama niliyegusa pasi ya moto. Kumbe nilisahau nukta mbili. Nukta mbili tu!

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mama. Anaishi bondeni, nyumba ya nne kutoka majini, ile ile aliyonizalia, na kuhama hataki hata kusikia. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Ujumbe wake wa simu husomewa na jirani, fundi cherehani mwenye mguu mbovu, ambaye anamwita Mama "shangazi" bila undugu wowote.

Nikamwambia kwamba mvua hizi king'ora hakitalia, kompyuta ndiyo itakayomtoa nyumbani.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi ndiye ninayeifundisha."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe! Wewe uliyeshindwa kumfundisha jogoo wangu asiingie jikoni!"

Nilicheka naye. Njiani nikaanza kuhesabu hatua kutoka mlangoni kwake hadi majini. Mia moja na arobaini. Miaka yote sijawahi kuzihesabu.

Jumatano, 12 Machi

Leo tumejifunza sharti. Kama kina kimepita 3.5, tuma HATARI. La sivyo, tuma SALAMA.

Nimeandika, imekubali, mwalimu amepiga makofi. Lakini hilo "la sivyo" limenikaa kooni. Yaani kila kisicho hatari ni salama?

"Na kama sijui?" nikauliza.

"Kompyuta haina sijui, mama. Ni ndiyo au hapana."

Ninamfahamu mume wa hivyo, ni wa dada yangu. Nikasema hivyo darasani na mwalimu alicheka mpaka akatokwa machozi. Ila swali langu halikujibiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kina 1.4.

Jumanne, 18 Machi

Kalamu amekuja ofisini na malalamiko. Amepewa simu ya kutumia badala ya daftari: kila nusu saa anaandika kina, anabonyeza, namba inaingia kwenye kompyuta yetu.

"Vidole vyangu vinene, bibie. Nikitaka mbili napata tano. Utakuja kuhamisha watu kwa sababu ya kidole changu."

"Na kistari, unakiona humo?"

"Kipo. Hicho nimekitafuta kwanza."

Niandike hili la kistari, maana mwalimu alitutazama tukilisema kama tunazungumza lugha ya ndege. Kipimo chetu ni mti mrefu wa chuma uliosimama majini, umepakwa rangi na kuandikwa namba hadi mita nne. Mkuu wa zamani alitufundisha sheria moja: usichokiona usikiandike. Maji yakipanda juu ya mti wote, huoni namba, kwa hiyo unapiga kistari. Basi. Lakini kistari hicho hukipigi ukiwa umekaa. Unakipiga umesimama, unaitupa kalamu, unakwenda kuzungusha king'ora. Katika miaka kumi na tisa nimepiga vistari vitatu, vyote siku moja, miaka tisa iliyopita, na mwandiko wangu wa siku ile sijui ni wa nani.

Alhamisi, 20 Machi

Aibu ya mwaka. Tumejifunza kitanzi: unaiambia kompyuta irudie jambo mpaka sharti fulani litimie. Mimi nikaandika irudie. Ya kusimama sikuandika. Tena kwa kiherehere changu nilikuwa nimeweka namba ya Mama kwa majaribio, ili nione kama ujumbe unafika.

Ulifika. HATARI. HATARI. HATARI. Mwalimu alipochomoa waya ukutani, ilikuwa imetuma sitini na mmoja.

Nikampigia Mama, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikatoka mbio mpaka bondeni, viatu mkononi, jua kali, barabara kavu. Nikamkuta juu ya kilima na godoro kichwani, Fundi kando yake amekumbatia cherehani, na mtaa mzima umesimama vibarazani unawatazama.

Ijumaa, 21 Machi

Leo Mama amekuwa mwema, jambo lililoniogopesha kuliko kama angenigombeza. Amesema, "Mwanangu, tuelewane. Siku ukinituma mmoja, nitajua ni kweli. Ukinituma mingi, nitajua unajifunza."

Fundi akadakia, "Mimi nimeisoma yote sitini na mmoja, dada. Nilidhani wa mwisho utakuwa tofauti."

Amenihifadhi kwenye simu yake kwa jina la Mto. Alinionyesha.

Ijumaa, 28 Machi

Mtihani. Mkuu alikuja mwenyewe akasimama nyuma yangu, pumzi yake nikiisikia shingoni. Tulitakiwa tuilishe programu namba za daftari la zamani tuone kama inatoa majibu yale yale tuliyotoa sisi. Bila kufikiri nilichukua daftari la mafuriko ya miaka tisa iliyopita.

Ilikwenda vizuri. 2.9, SALAMA. 3.6, HATARI. Kisha ikafika kwenye kistari cha kwanza, ikaanguka. Herufi nyekundu kioo kizima: mstari wa 12, hii si namba.

"Imekufa?" Mkuu akauliza.

Niliona nikirudishwa nyumbani, niliona wenzangu wa vituo viwili wakiniangalia kwa huruma ile mbaya. Mwalimu aliinama akaninong'oneza, "Mama, ni data chafu tu. Ielekeze la kufanya ikikuta kitu kisicho namba."

Nikaandika: kama si namba, weka 0. Ikapita. Herufi nyekundu zikatoweka, programu ikatiririka mpaka mwisho wa ukurasa.

"Safi kabisa," mwalimu akasema. "Umeizuia isianguke."

Mkuu amenipa mkono. Nimefaulu! Mimi, wa kufuta vumbi! Nimeimba njia nzima.

Jumapili, 30 Machi

Nimempelekea Mama habari. Amepika, amewaita majirani, Fundi amenipa kitambaa cha kichwa alichokishona mwenyewe. Nilipokuwa naosha vyombo kuna kitu kilinipita kichwani, kama mtu aliyeacha jiko linawaka, lakini sikukumbuka ni nini.

Jumanne, 1 Aprili

Programu imewashwa rasmi. Nyumba mia mbili na sita. Kila nusu saa inasoma namba ya Kalamu, na inatuma ujumbe pale tu kina kikivuka 3.5 au kikishuka ghafla kwa zaidi ya mita. Kina 1.8.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. 2.2.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. 2.4. Mwalimu anasema nimekuwa na macho mekundu. Nalala, lakini usingizi wenyewe ni wa kuruka ruka. Kile kitu cha jikoni bado kinanisumbua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. 2.9. Kalamu amepiga simu kusema mto una rangi asiyoipenda. Nikamuuliza rangi hiyo tunaiandika wapi. Akasema, "Hatuiandiki, tunaijua tu."

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika ya jana. Lazima niandike nikiwa bado nakumbuka mpangilio.

Saa nane mchana kina kilikuwa 3.1. Nilikuwa darasani na mwalimu, tunakunywa chai. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, hata dirisha tulilifungua. Saa nane na nusu simu yangu ililia mara moja. Nami nimo katika orodha, kwa hiyo hupata ujumbe kama watu wote.

Kina: 0. SALAMA. Endeleeni na shughuli zenu.

Nilisoma sufuri ile na mwanzoni nilitaka kucheka. Mto wetu haujawahi kuwa sufuri. Sufuri ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira katikati. Nikawaza, kidole kinene cha Kalamu. Halafu simu ikaita, na ni Kalamu mwenyewe, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo.

"Nimetuma kistari," alisema. "Mbona kimya?"

Ndipo nilipokumbuka ni jiko gani nililoliacha linawaka. Yule mwenzangu alikuwa ametuma kistari, amesimama mlangoni akisubiri mtaa wa bondeni uanze kukimbia. Na mimi nilikuwa nimeziambia nyumba mia mbili na sita kwamba mto umekauka.

Nikampigia Mama. Akapokea kwa furaha.

"Fundi amenisomea, mwanangu. Mmoja tu! Salama."

"Mama, toka."

"Lakini umesema..."

"Mama, mimi ndiye niliyesema salama na mimi ndiye ninayesema toka. Nimekosea. Toka sasa hivi, usichukue kitu, panda juu!"

Nikasikia kiti kinaburutwa. Nikasikia akisema, "Fundi, anasema tutoke." Na sauti ya Fundi ikajibu kwa mbali, ya upole, ya mtu anayekata uzi kwa meno: "Shangazi, tangulia. Ile sitini na mmoja aliituma yeye. Huu ni wa mashine, mashine haikosei hesabu. Nimalize mkono huu."

Simu ikakatika.

Mwalimu aliuliza nini, nini, na mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Nilikimbilia stoo. Mtunza stoo alitaka karatasi yenye sahihi. Sijawahi kumshika mtu shingo maishani mwangu, jana nilimshika. King'ora kilikuwa chini ya magunia ya dawa ya maji. Tulikibeba mimi na mwalimu, yule binti na vidole vyake vyembamba, mpaka ukuta wa juu unaoangalia bondeni, na nikakizungusha. Kilikuwa kikavu, kilikoroma kwanza kabla ya kulia. Mwalimu alikuwa na daftari la zamani magotini, lile lenye namba za simu za wazee wa mitaa nyuma, anapiga moja baada ya nyingine akipaza sauti, "Tokeni! Msisome ujumbe! Tokeni!"

Watu walitoka. Tuliwaona wakipanda, wenye watoto, wenye kuku. Maji yaliingia mtaani kabla ya saa tisa na robo, ya rangi ile ambayo hatuiandiki.

Mama alikuwa juu, miguu mitupu. Wazee wa mitaa wamehesabu watu mara tatu. Anakosekana Fundi.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajaonekana. Mama amekaa kwangu, na simu yake ametandaza kitambaa juu yake, kama kitu kinachong'ata.

Jumapili, 13 Aprili

Hajaonekana. Nimejaribu kula, imeshindikana.

Jumatatu, 14 Aprili

Amepatikana! Yuko hospitali ya ng'ambo ya mto, alinasa kwenye ukuta wa shule wakamvuta watu wa huko. Mguu ule mzuri ndio umevunjika. Mama amelia mpaka nikaogopa.

Mkuu ameandika taarifa: hitilafu ya mtambo. Ameniita nisaini kama shahidi. Mwalimu alikuwa pale, uso umemshuka, anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeiita data chafu.

Niliitazama ile karatasi. Ingekuwa rahisi sana. Mtambo hauna mama wala jirani, hauoni haya. Lakini mwalimu hakujua kistari ni nini. Kalamu hakujua nimeandika sufuri. Katika nchi nzima mtu aliyejua yote mawili alikuwa mmoja. Nikamwambia Mkuu hivyo, nikamwomba aongeze mstari wa 12 na jina langu. Amesema niondoke, atafikiri. Sijui kama bado nina kazi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda hospitali. Nilisimama nje ya wodi muda mrefu, muuguzi akadhani nimepotea.

Fundi alinyoosha mkono akachukua simu yake, kioo kimepasuka, bado inawaka. Ujumbe ule bado upo.

"Hebu nieleze, dada. Hii sufuri ni nini?"

Nikamweleza. Mti wa chuma, kistari, mtihani, pumzi ya Mkuu shingoni, woga wangu wa kuaibika. Sikuacha kitu. Alisikiliza huku akinyoosha mkunjo wa shuka kwa kidole, kama anavyofanya kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo ulikijua kile kistari."

"Nilikijua."

"Ukakiandika sufuri."

"Nilitaka herufi nyekundu ziondoke."

Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Nilipoteza gauni la watu, lilibaki mkono mmoja." Kisha akageukia ukutani. Nilikaa hapo mpaka saa ya wageni ilipokwisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Bado nina kazi, ila kwa barua kali. Nimemleta Kalamu darasani, tumemkalisha kati yangu na mwalimu. Mwalimu amekuja na daftari jipya, akasema, "Niambieni kila mnachokijua ambacho hamkiandiki." Tulianza asubuhi, tukala hapo hapo. Rangi ya maji. Harufu ya tope. Ndege wanapohama ukingo. Kina kikiruka zaidi ya nusu mita kwa nusu saa. Kila tulipodhani tumemaliza, Kalamu alijikuna sikio akakumbuka jingine, na kila jingine lilinitia baridi, kwa sababu lingekuwa mstari wa 12 mwingine.

Nimefuta ile sufuri kwa mkono wangu. Sasa ni: kama ni kistari, tuma HATARI kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Kama ni kingine kisicho namba, nipigie mimi. Juu yake nimeandika mstari ambao kompyuta haiusomi, ni wa watu: Kistari si sufuri. Kistari maana yake aliyeandika ameshakimbia.

King'ora kimerudishwa kituoni. Kalamu amekipaka mafuta.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amerudi kwake, kuta bado mbichi. Nimemsihi, nimepiga magoti. Hataki. Fundi naye amerudi, kwa magongo. Tulipoonana aliitikia salamu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu asubuhi. Saa nne 2.8. Saa nne na nusu 3.3. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Saa tano kamili kikaingia kwenye kioo, kidogo, cheusi, kimelala peke yake: kistari.

Sikugusa kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, pale ambapo hapakuwa na la kufanya ila kuangalia kama nilichokiandika ni kile nilichokimaanisha. Simu yangu ikalia mezani. HATARI. Kutoka mbali nikasikia king'ora cha Kalamu.

Nikampigia Mama. Alipokea Fundi.

"Dada, ujumbe umefika."

"Mingapi?" nikamsikia Mama akiuliza nyuma yake. "Muulize ametuma mingapi!"

"Mmoja, Fundi. Mwambie ni mmoja."

Nilisikia mvua ya kwao, na magongo yakigonga sakafu.

"Shangazi," Fundi akasema, "ni mmoja. Twende."